Tochi ya Kijani na Jicho la Kaka Swedi

Jumapili, Gitega. Rasharasha tangu asubuhi, na baridi ile ya kukufanya ukae na shuka mabegani. Sijatoka nje. Kaka yangu Swedi yuko chumba cha pili, ameufunga mlango, na kosa ni langu.

Mnaosoma hapa mnajua ninafundisha fizikia. Mwezi uliopita nilijibu swali ambalo wengi mmeniuliza: zile bunduki za mwanga za kwenye filamu, zinazotoboa ukuta na kumwangusha mtu, zinaweza kutengenezwa kweli? Nilijibu kwa madaha. Nikasema kumtoboa mtu kwa mwanga kunataka nishati nyingi mno, hata askari angelazimika kubeba mgongoni betri kubwa kama kabati. Vumbi, moshi na mvua huutawanya mwanga. Bunduki yenyewe ingepata moto mikononi. Upanga wa mwanga ndio kabisa, maana mwanga hauishii hewani, unakwenda mpaka ukutane na kitu. Nilikiri kwamba majeshi makubwa yana mitambo ya leza ya kuunguza ndege zisizo na rubani, lakini hiyo hubebwa na meli na malori. Nikamalizia hivi: kinachoingia mfukoni hakiwezi kumdhuru mtu.

Yote yalikuwa kweli, isipokuwa hilo la mwisho.

Baada ya kuandika nilinunua sokoni tochi ndogo ya leza, ya kijani, nipige video ya kuwaonyesha. Nikaenda nayo Muyinga kusalimia nyumbani. Mimi nililelewa na shangazi Kigoma. Swedi alibaki Muyinga na kurithi ushonaji wa baba. Atelie yake ya kushonea iko karibu na soko, ina mashini mbili na kioo kirefu cha wateja. Nilitaka yeye ndiye awe mtazamaji wangu wa kwanza.

Nilielekeza mwanga kwenye kijiti cha kiberiti. Kikawaka.

Hapo ndipo nilipaswa kuzima. Kwenye tochi iliandikwa kwamba nguvu yake ni ndogo, na tochi ya nguvu ndogo haiwashi kiberiti. Mwalimu wa fizikia ndiye wa kulijua hilo. Lakini Swedi alicheka, nami nikacheka, nikageuka kutafuta kijiti kingine huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Mwanga ukapita kwenye kioo, ukarudi usoni mwa Swedi.

"Nimeona kitu ya kijani," alisema akipepesa macho. Kisha akarudi kwenye mashini. Hakusikia maumivu hata kidogo, na mimi nikachukulia kwamba basi amesalimika. Sehemu ya nyuma ya jicho haina hisia ya maumivu. Hilo nalo nililijua.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Kila anachokitazama kwa jicho la kulia kina doa katikati. Aliniambia anauona uso wa binti yake, nywele na masikio, ila pua na mdomo havipo.

Alhamisi nikampeleka kwa daktari wa macho hapa Gitega. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima muda mrefu, akamuuliza alitazama nini. Swedi akajibu kwamba alitazama jua. Daktari akanigeukia mimi.

Nikainamia mkoba wangu.

Nilijiambia kaka ananisitiri, na kwamba si adabu kumpinga mbele ya mtu. Ijumaa nilitoka shuleni nikarudi kwa daktari peke yangu, nikamweleza yote na kumwachia ile tochi. Hakunigombeza. Alisema hakuna dawa ya kuziba palipoungua. Miezi ikipita huenda pakapata nafuu kidogo, huenda pasipate. La kushoto ni zima. Akaniambia pia kwamba mataifa yaliwahi kukubaliana kupiga marufuku silaha za leza za kupofusha watu. Kutoboa mwili ni kazi ngumu, alisema, lakini jicho lenyewe linaukusanya mwanga na kuuweka mahali pamoja.

Kila mwaka nafundisha lenzi. Kila mwaka nachora jicho ubaoni.

Sasa niandike la jana, ambalo ndilo linaloniuma zaidi.

Zawadi, mke wa Swedi, naye alikuwa ameambiwa ni jua. Sikuweza kuvumilia. Swedi alipotoka kwenda kunywa chai nilimpigia simu Zawadi, na alipopokea tu nikaanza kulia na kumwaga kila kitu: tochi, kioo, doa, maneno ya daktari. Sikumuuliza yuko wapi. Alikuwa atelie, anampima mteja, simu ameiweka mezani kwa sauti kubwa.

Nikasikia akiinyakua simu mezani. Kisha akasema taratibu, "Wifi, hapa iko watu."

Jioni familia moja yenye harusi ilituma mtu kule atelie kuchukua vitambaa vyao. Vyote, hata vilivyokwisha kukatwa.

Swedi aliporudi alikuwa ameshasikia kwa Zawadi. Hakupandisha sauti.

"We ulifikiri nilidanganya daktari sababu yako?"

Nikasema ndiyo.

"Mi sikuficha we. Nilificha jicho yangu. Nani ataacha kitambaa yake kwa fundi mwenye haone?"

Akaingia chumbani.

Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilidhani ukweli ule ni wangu, niutoe nikitaka nipumue. Kumbe ulikuwa riziki ya nyumba nzima. Mara mbili nimefanya jambo katika atelie yake bila kutazama nani yuko pale. Je, nilimpigia Zawadi kwa ajili ya Swedi, au kwa ajili ya kifua changu tu? Nimejiuliza tangu asubuhi na jibu silipendi.

Ile makala ya mwezi uliopita nimeiondoa. Mkiniuliza tena kama silaha ya mwanga inawezekana, jibu ni ndiyo, inauzwa sokoni, na mtu anaweza kuinunua akidhani ni kichezeo.

Mchana nilimpelekea Swedi chakula. Akala nusu, akasukuma sahani.

"Kesho mi narudi Muyinga. Na we utakuja. Watu wakiuliza, utawajibu we mwenyewe. Utawaambia jicho moja iko inaona vizuri, na mikono iko ile ile."

Nikamuuliza, na wasiponiamini?

"Utarudia."

Nimeshamwomba mkuu wa shule ruhusa. Tutapanda gari la asubuhi, na Zawadi atafungua kama kawaida. Mteja wa kwanza atakayekuja tukishafika ataniona mimi mlangoni, kabla hajamwona fundi.