Usizitoe Nyimbo, Kasuku

Kwako mwanangu wa pekee, Kasuku wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Barua hii ikukute mzima, umekula, na dirisha la chumba chako umelifunga, maana kifua chako na upepo havipatani tangu ukiwa mtoto. Mimi sijambo. Goti ndilo lenye maneno, lakini goti lina maneno siku zote, tumezoeana kama mke na mume. Nyumbani ni kimya. Jirani wa mlango wa kushoto amehama, yule aliyekuwa akigombana na redio, na sasa hata wa kumnunia sina.

Utanisamehe mwandiko. Unajua niliishia darasa la nne, na mistari yangu hupanda mlima. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mwanangu, simu inanimeza. Nikiishika nasahau yote niliyopanga, nabaki kuuliza umekula nini. Na kwenye ujumbe mfupi vidole vyangu vinatuma kabla moyo haujamaliza. Hili nililo nalo linataka karatasi.

Tangu Jumapili ile tulipozungumza sijatulia. Uliniambia yule bwana mwenye fedha za filamu yako amekupa mpaka mwisho wa mwezi: ama uzitoe nyimbo zote, wabaki watu wakizungumza tu, ama uchukue filamu ya zamani inayojulikana na kila mtu uirudie. Kisa kipya chenye nyimbo mpya hakitaki. Alisema watu wa leo wakimwona mtu anaanza kuimba katikati ya maneno wanamcheka. Ukaniuliza naonaje. Nami nikakujibu upesi, kama aliyeshika sufuria la moto, nikasema zitoe tu mwanangu, wimbo hauliwi. Ukasema sawa. Naijua sawa yako ile. Ndiyo uliyoisema ulipokuwa na miaka saba, nilipokurudisha dukani na vile viatu vyekundu mkononi.

Kisha ukaongeza kwamba huenda bwana huyo ana haki, kwa sababu hata mimi nilikuambia zamani kuwa filamu za kuimba zilikufa zenyewe, watu walizichoka. Neno hilo, Kasuku, ndilo lililoninyima usingizi. Nitalirudia. Acha kwanza nikupe habari za huku.

Jumatatu nilikwenda kazini kusugua ngazi kama kawaida. Simu nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa aproni, nikafungulia ule wimbo ulionitumia, wa yule mwanamke anayepokea simu kwenye kampuni ya maji. Watu wanampigia kumtukana kwa kuwa bomba limekauka, naye anaanza kuwajibu kwa kuimba. Sikukuambia, lakini mara ya kwanza nilicheka, nikajisemea huyu mtoto wangu kachanganyikiwa, nani anaimba ofisi ya maji? Mara ya pili niliacha kucheka. Mara ya tatu nilikaa kitako nikamwelewa: siku nzima ana sauti za watu masikioni, na hakuna hata mmoja anayemuuliza hali. Angeyasema hayo kwa maneno ya kawaida tungemwona mlalamishi. Alivyoyaimba, yakaniingia mpaka mifupani.

Basi nasugua, wimbo unaendelea, akashuka karani wa ghorofa ya tatu. Huyu bwana nina miaka sita naye. Miaka sita yote neno lake kwangu ni moja, kwamba sabuni ya chooni imekwisha. Akasimama. Nikadhani atanigombeza, nikaanza kupapasa kitufe cha kuzima. Akaniambia niache. Alisimama pale na faili kwapani mpaka wimbo ukaisha, ndipo akauliza umetoka filamu gani. Nikamwambia filamu yenyewe haijazaliwa. Akauliza itaonyeshwa lini, kama vile mimi ndiye mwenye sinema. Nikasema ni ya binti yangu. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndoo, akasema kumbe una binti. Miaka sita, mwanangu! Kesho yake nikamsikia anashuka akiuimba, maneno kayavuruga yote, maji kayageuza chai, lakini sauti iko palepale.

Siku hiyo nilipotoka kazini miguu ikanipeleka kwenye ile sinema yetu ya zamani. Sasa ni ghala la magodoro. Mlinzi wake ni Fundi, yule yule aliyekuwa akiendesha mashine ya picha, kazeeka lakini mdomo haujazeeka. Aliponiona tu akapaza sauti, Mama Mkasi, umekuja kukata magodoro? Akaniingiza ndani. Viti vyote vimeng'olewa, magodoro yamepangwa hadi pale lilipokuwa pazia kubwa la picha, lakini kile kidirisha cha mashine kipo bado juu ukutani. Fundi akasema kuwa picha kazisahau nyingi, ila hajasahau sauti ya ukumbi mzima ukiimba, watu mia tatu wasiojuana hata majina. Mtu alikuwa anakuja peke yake, akasema, na anatoka na wenzake.

Nikamweleza habari yako na jibu nililokupa. Akaacha kucheka. Akaniuliza, yaani wewe umemwambia mtoto azitoe nyimbo? Wewe tena? Nikasingizia goti, nikaaga.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Wewe umekua ukisikia naitwa Mama Mkasi ukidhani ni kwa ajili ya kushona, nami nikakuacha udhani. Cherehani ilikuja baadaye. Jina nililipata mle ndani ya sinema.

Unajua kazi yangu ilikuwa kuzungusha mikanda ya filamu na kuunga iliyokatika, nawe umelala kwenye kikapu kati ya makopo ya bati. Usilolijua ni kwamba tajiri mwenye sinema alitaka maonyesho manne kwa siku badala ya matatu, na filamu za kuimba zilikuwa ndefu. Akanijia akaniambia nizikate nyimbo, hadithi itabaki. Fundi alikataa kushika mkasi. Mimi baba yako alikuwa keshakwenda zake, nikakutazama kikapuni, nikaushika. Kila wimbo niliukata, nikaunga ncha mbili kwa gundi, na filamu ilipotaka kwenda mji mwingine niliurudishia mahali pake.

Hadithi haikubaki, mwanangu. Ukumbini watu walimwona mwanamke analia kwenye kamba ya nguo, na papo hapo anacheka anafunga sanduku la safari. Hakuna aliyejua kimempata nini, kwa sababu kilichompata kilikuwa ndani ya wimbo, na wimbo ulikuwa mezani kwangu. Walipiga miluzi, wakageuka kukitazama kile kidirisha, wakapiga kelele: Mkasi! Mkasi! Baadaye wakaacha hata kupiga kelele. Wakaacha kuja. Tajiri akatangaza kwamba watu wamezichoka filamu za kuimba, nami nikanyamaza. Ulipokua ukaniuliza, nikakupa maneno ya tajiri kama yangu.

Hawakuzichoka, Kasuku. Tuliwanyima. Na Jumapili niliushika mkasi mara ya pili, nikautia kwenye kazi yako, kwa woga uleule wa zamani.

Na liko jingine. Wimbo wa yule mwanamke wa kamba ya nguo sikuwahi kuurudisha. Wewe ulikuwa na homa, nikachelewa siku mbili, nilipofika lori lilikuwa limeshaondoka na filamu. Ikaenda miji yote bila wimbo wake. Nikaogopa kusema. Uko kwenye lile kopo la biskuti la juu ya kabati, nililokukataza kuligusa ukadhani lina sindano. Huwa nauchukua nikauinua dirishani. Yule mwanamke yumo, mdogo kama ukucha, gauni la manjano limefifia, kajipanga mamia kwa mamia, picha chini ya picha, na mdomo wazi. Pembeni mwa mkanda kuna mstari uliochongoka kama meno ya msumeno. Fundi alinifundisha kwamba ule mstari ndio sauti. Basi sauti naiona, siisikii. Nimejaribu kuukumbuka wimbo wenyewe na umenitoka. Nimekaa na huyu mama miaka yote hii, wawili katika chumba kimoja, hakuna anayemsikia mwenzake.

Barua hii naimalizia hapa posta, na kopo lote linakuja nayo. Karani wa posta kaniapia vitafika kabla ya mwisho wa mwezi, nikamwapisha tena. Usiukunje mkanda, usiuweke juani, na mikono unawe kwanza. Huko mna mashine za kuusoma.

Mjibu yule bwana kwamba nyimbo hazitoki. Akiuliza kasema nani, mwambie kasema aliyewahi kuzitoa. Siwezi kukuahidi kwamba hawatacheka. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Akikunyima fedha zake, kitanda chako kipo, shuka nimezifua, na ofisi yangu ya ngazi ina karani mmoja anayesubiri.

Msalimie mwenzako wa chumba, yule wa kinanda, mwambie na yeye avae sweta. Fundi anakusalimu, anasema akiitwa kuendesha mashine atayatupa magodoro nje kwa mikono yake. Goti nalo linakusalimu.

Ukishausikia wimbo wa yule mama, nipigie. Sitakuuliza umekula nini. Na wewe usiseme kitu. Niimbie tu, mpaka mwisho, usiruke hata kidogo.

Ni mimi mama yako,
Mama Mkasi