Jibu la Anjelika

Maposeni, Songea
9 Juni 1993

Mdogo wangu Kasiana,

Uniwie radhi kwa kimya cha miezi miwili. Mkono wangu wa kulia ulivunjika, na huu ni mwandiko wa kushoto. Mahindi yamekauka vizuri. Mama anakusalimu.

Nilikuwa nikifundisha darasa la nne kutoa kwa kukopa: 503 kutoa 267. Anjelika, binti wa Urbani, hakukopa. Alianza na 267, akaongeza 3, kisha 30, kisha 203, akaandika 236.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Bibi, mwalimu. Anasema ni rahisi kuliko ya kwako."

Darasa zima lilicheka. Nilimpiga kofi, akaanguka, nikaendelea kumchapa akiwa chini mpaka fimbo ikakatika. Sikio lake la kushoto lilitoka damu, na hadi leo halisikii.

Kesho yake Urbani aliingia darasani na mpini wa jembe. "Hesabu hizi, mwalimu," alisema kila alipopiga. Nilihesabu saba, kisha nikazimia.

Sasa yuko mahabusu. Mwalimu mkuu ameandika maelezo kwamba mtoto alijikwaa kwenye dawati, nami natakiwa kuyatia saini Jumatatu. Nikitia, Urbani atafungwa peke yake na mimi nitastaafu kwa heshima. Nikikataa, nitamfuata huko aliko.

Jibu lilikuwa sahihi, Kasiana. Nililiona kabla sijainua mkono.

Nitakuandikia nikishaamua.

Kaka yako,
Sipriani