Niliangaza Televisheni Ili Binti Yangu Aonekane Mweupe

Kwako Mshauri,

Nimesoma ukurasa wako kila Ijumaa kwa miaka minne na nimewacheka wengi walioandika humo, sasa zamu yangu imefika na sina wa kumwambia isipokuwa wewe, kwa hivyo nisikilize mpaka mwisho ndipo unikemee. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mjane, nakaa Thika, na nina binti mmoja, Hayat, wa miaka ishirini na miwili, anayesomea ualimu chuoni. Desemba iliyopita mpwa wangu Ruqayya aliolewa huko Ruiru, na Hayat alikuwa mmoja wa wasichana waliogawa pilau, na kijana mmoja, Irshad, fundi wa magari wa huko huko Ruiru, ambaye siku hiyo alikuwa akibeba kreti za soda, akamwona akampenda, wakazungumza kwa heshima, na mwezi wa Juni akamtuma mamake pamoja na shangazi yake Bi Amida waje nyumbani kwangu waone sisi ni watu gani. Hayat alikuwa chuoni, hakuweza kuja, nikasema si neno, harusi ya Ruqayya ilipigwa video na kanda ninayo, watamwona humo.

Sasa kuna mtu alikuwa ameninong'oneza kwamba mamake Irshad anataka mkamwana mweupe, na Hayat wangu, Mshauri, ni mweusi kama marehemu baba yake, nami asubuhi ya siku hiyo nikaweka ile kanda nijaribu, nikaona uso wake, nikaingiwa na hofu, nikainama pale chini ya kioo cha televisheni penye vifundo vya kuzungusha, nikakizungusha chenye alama ya jua mpaka mwisho, kisha chenye duara lililo nusu jeusi nusu jeupe nacho nikakipandisha, halafu kile cha rangi nikakishusha kidogo kidogo, na kila nikizungusha mtoto anazidi kuwa mweupe, mpaka nikamwona kama mtoto wa mtu mwingine, nikasema basi, hapo hapo. Buibui za akina mama zilikuwa kama majivu na hina ya Ruqayya ilipotea mikononi, lakini nikajiambia hakuna anayekuja kwangu kuangalia hina.

Wageni wakaja, wakanywa chai, wakaangalia. Bi Amida akauliza, "Kwani bibi harusi hakupakwa hina?" Nikamwambia ilikuwa hafifu. Akauliza tena, "Na huyu ndiye Hayat? Hii weupe ni ya damu ama ni poda?" Nikasema ni damu, ukoo wetu ndivyo ulivyo, na wakati nasema hayo nimekaa mbele yake na sura yangu hii isiyo nyeupe. Mamake Irshad akacheka, akasema, "Mashallah, mtoto kama maziwa." Wakaondoka wamefurahi.

Wametuma habari kwamba watarudi Jumamosi ya mwisho ya Agosti, wakiwa na babu yake Irshad ambaye hakuiona ile kanda na anataka kuiona, na Hayat sasa amefunga chuo, kwa hivyo kanda na mtoto mwenyewe watakuwa chumba kimoja. Hapo ndipo nilipofanya la pili, na hili ndilo linaninyima amani. Nilinunua mafuta ya kung'arisha ngozi kwa mama mmoja nyuma ya soko, hayana karatasi wala jina, nikayachanganya kwenye kopo la mafuta ya Hayat bila kumwambia. Siku ya sita mashavu yakaanza kumchoma na ngozi ya chini ya macho ikababuka, akalinusa lile kopo, akaniuliza, nikamwambia yote, hata ya televisheni. Hakupiga kelele.

"Mama, kwanza ulichokora hiyo TV," akasema. "Sasa unataka uso yangu ifanane nayo?"

Nikamwambia nafanya kwa faida yake.

"Irshad aliniona mchana, kwa jua," akasema. "Alikuwa karibu hivi, hata nilimmwagia mchuzi kwa kiatu. Kwani yeye ni kipofu?"

Nikamwambia wanaume hawajui wanachokiona, mama zao ndio huona. Akakunja shuka zake akahamia nyumba ya pili, kwa jirani yetu Wilkister, na mpaka leo anapitia mlangoni kwangu bila kugeuka, na ile alama kwenye shavu bado iko.

Swali langu ni hili. Siku hiyo kile kifundo cha jua nikiweke wapi? Nikikiacha kilipo, wataona wasichana wawili. Nikikirudisha, wataona nilidanganya. Nimefikiria nikiweke katikati, nifunge pazia zito, niwashe taa ndefu nyeupe kama za hospitali, na Hayat akae pembeni na mtandio. Au niseme televisheni iliharibika? Na yale mafuta, nikimbembeleza akubali, niendelee nayo kwa vipimo vidogo?

Mama Hayat, Thika

*

Mama Hayat,

Nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa kaa chini nawe unisikilize.

Nianze na kopo, kwa kuwa televisheni inaweza kungoja na ngozi haiwezi. Unauliza kama uendelee kwa vipimo vidogo. Vipimo vidogo vya nini? Hujui jina lake, hujui kilichomo, na aliyekuuzia naye hajui, ila anajua njia ya kuondokea soko likifungwa. Mafuta ya namna hiyo mara nyingi hutiwa zebaki, na zebaki haikai shavuni ikangoja wageni. Huingia mwilini ikafika kwenye figo. Mtu akimtilia jirani yake kitu asichokijua ndani ya chakula, sote tunajua jina la kumwita. Wewe ulimtilia mwanao kwenye kopo lake, akajipaka kwa mkono wake mwenyewe siku sita, na jina ulilolipata ni "faida". Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, lichukue hilo kopo. Usilitupe. Daktari wa ngozi atataka kuliona, na Hayat anapaswa kumwona kabla ya mgeni yeyote.

Sasa tuje kwenye televisheni, maana naona umeishi nayo miaka bila kujuana.

Kifundo chenye alama ya jua si taa. Hilo ni kosa la watu wengi na silo linalonikasirisha. Kazi yake ni kuamua vitu vyeusi kwenye picha viwe vyeusi kiasi gani. Ukikipandisha mno, hakuna kinachong'aa. Kila kilicho cheusi hugeuka majivu, kama ulivyoona mwenyewe kwenye buibui. Chenye duara hupandisha weupe, na ukikizidisha, gauni la bibi harusi linakuwa ukuta uliopakwa chokaa, huoni shanga, huoni mkunjo. Kile cha rangi ukikishusha, nyekundu na kahawia huondoka taratibu, na hina huondoka nazo. Nina hakika hata pilau siku hiyo ilikuwa wali mtupu. Kuna mtu alisimama kwenye moshi tangu alfajiri akikaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ile, nawe ukavifuta kwa vidole viwili.

Kwa hiyo usiniambie ulimfanya Hayat mweupe. Ulichofanya ni kuchujusha harusi nzima. Ruqayya alikaa saa ngapi na mikono ameinyoosha, hawezi hata kujikuna pua, ili ile hina ikolee? Na wewe, shangazi yake mwenyewe, unasema hakuna anayekuja kuangalia hina.

Mmoja alikuja kuiangalia. Bi Amida alikuuliza maswali mawili tu na yote mawili yalikuwa ya mtu mwenye macho. Mwanamke anayeuliza kama weupe ni wa damu au wa poda, baada ya kuuliza hina imekwenda wapi, hajaamini. Alikupa nafasi mbili za kusema kweli ukiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Ulizipitisha zote, na ya pili ukaibebesha ukoo mzima.

Na huyu mamake Irshad, unamjua kwa lipi? Alisema mtoto ni kama maziwa. Ulimwekea maziwa mbele yake, ulitaka aseme ni kahawa? Kwamba anataka mkamwana mweupe uliambiwa na mtu aliyenong'ona, na mtu huyo hukumtaja hata kwangu. Umemchoma mwanao uso kwa neno ambalo mwenyewe aliogopa kulisema kwa sauti. Huenda ni kweli. Kama ni kweli, basi kitendawili chako ni chepesi kuliko unavyodhani: unataka kumwoza binti yako katika nyumba ambayo kila asubuhi atapaswa kujificha rangi, na mkeka wa kujifichia umeanza kuusuka wewe.

Katika barua yako yote mna mtu mmoja tu aliyemwona Hayat bila kifundo chochote. Alimwona mchana, karibu, akamwagiwa mchuzi kiatuni, na bado akamtuma mamake Thika. Unasema wanaume hawajui wanachokiona. Huyu ameonyesha kujua vizuri kuliko wewe, uliyemwona mtoto huyo miaka ishirini na miwili halafu asubuhi moja ukaingiwa na hofu mbele ya uso wake. Ninaisoma sentensi yako hiyo mara ya tatu, Mama Hayat, na bado sijui uliwezaje kuiandika ukaendelea na sentensi nyingine.

Kuweka kifundo katikati kutakupa uongo wa ukubwa wa wastani. Taa ya hospitali iache hospitalini. Mtandio Hayat atajitanda akipenda yeye, si kwa ajili ya kivuli. Wala usiisingizie televisheni ugonjwa. Katika nyumba yako ndiyo pekee iliyofanya kazi yake kama ilivyoagizwa.

Utafanya hivi. Nenda nyumba ya pili kwa miguu yako, umwombe Hayat msamaha, na Wilkister akiwepo ni vizuri zaidi. Neno "lakini" liache mlangoni pamoja na viatu. Kisha mpeleke kwa daktari. Kisha, kabla ya ile Jumamosi, panda gari uende Ruiru, umwambie mamake Irshad kwa kinywa chako kwamba siku ile picha uliiharibu kwa mkono wako. Utaona haya. Haya hizo ni zako, ulimwazima Hayat kwa muda tu. Kama baada ya hapo hawataki kuja, utakuwa umewaokolea safari, na Hayat atakuwa ameepushwa na kitu kikubwa kuliko safari.

Wakija, na Hayat akikubali kukaa chumbani, dirisha linaloelekea kioo cha televisheni lizibe kwa pazia, kwa sababu jua likipiga kioo mtu hushawishika kupandisha vifundo bila sababu. Mlango uache wazi watu waonane. Weka kanda ifike pale akina mama walipoketi karibu na bibi harusi. Halafu simama kando, umwachie Hayat vifundo. Aanze na chenye jua, akishushe mpaka buibui ziwe nyeusi, lakini mikunjo yake bado ionekane. Ikipotea, amepitiliza, arudi kidogo. Kisha chenye duara nacho akishushe, mpaka shanga za gauni zihesabike. Cha rangi kiwe cha mwisho, akipandishe polepole mpaka hina irudi mikononi mwa Ruqayya, halafu aondoe mkono.

Uso wake asiuguse, nawe usiuguse. Nyeusi ikiwa nyeusi, shanga zikionekana na hina ikirudi, uso utakuwa umekwisha kufika mahali pake wenyewe. Babu na akina mama hao watautazama kwenye kioo, kisha watageuka wautazame pale alipoketi, na watakuta ni mmoja. Atakayeukataa hapo, atakuwa angalau ameukataa akiwa ameuona.