Nilijiita Mujukuu ku Kilio ya Bengine

Mama Victorine mupendwa, weye wa kujibu barua za bantu, naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho mbele ya kunikaripia, juu najua utanikaripia.

Mi niko muandishi, naandika hadithi fupi za kusoma ku redio, zinapita siku ya Mungu bantu bakitoka ku misa. Pale nilianza nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba yangu alikuwa amekatwa kazi ku reli, tulikuwa tunakula bukari, ugali yetu, mara moya ku siku na sombe, majani ya muhogo, ya bila mafuta, mama aliuza mpaka mashini yake ya kushona, na mi nilikuwa naandika nyuma ya karatasi za kalenda juu kaye ya kuandikia sikukuwa nayo, na hadithi ya kwanza iliyotoka pale ilibaliza bantu, bamama balinisimamisha mu soko kunishika mukono. Leo niko mu mutaa ya Makomeno, bwana yangu Constantin ana kazi ya muzuri, batoto banashiba, niko na meza yangu ya kuandikia, na maneno imekauka. Gérard, mukubwa wa kipindi, alinirudishia hadithi tatu, akasema: "Gracia, hii haina chumvi. Tangu umeshiba, hauumizi muntu tena." Ile neno ilinikaa mu kifua.

Njo nikaanza kuenda ku bilio ya bantu nisiobajua. Nikiona tu matawi imewekwa mu barabara, alama ya kilio, nafunga kitambaa, naingia, nakaa chini na bamama, nasikiliza bile banalia na bile banaita marehemu, kisha nikirudi ku nyumba naandika. Hadithi ikaanza kupita tena. Sikuona mubaya, nilijisemea ni kazi.

Sasa mwezi uliopita, mu mutaa ya Katuba, balikuwa banalia muzee moya. Mama moya aliniangalia sana, akaniuliza: "Weye uko nani wa marehemu?" Niliogopa, nikajibu: "Mujukuu."

Mama Victorine, unajua bile iko kwetu. Mutoto wa marehemu anakaa chini, analia. Mujukuu hapana, ye njo wa kuchekesha, anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama marehemu, anamutukana kidogo, na hakuna wa kumukataza. Mbele nimeze mate bamenivalisha koti ya ule muzee na kasketi yake, kofia ya kazi, juu ye pia alitumika ku reli, bakanisukuma mu katikati. Na mi sikumuona hata siku moya!

Nikafanya kama baba yangu. Nilikuwa na nani mwingine? Nilipuliza mara tatu chai ambayo haikuwako, nikafuta midomo na kasketi, nikaangalia ku mukono saa yenye haitembei, nikasema na sauti yake: "Treni imechelewa, lakini itafika, mutoto, usikae chini." Bantu balianguka na kicheko. Mujane, Mama Katongo, alikuwa hajakula siku mbili, akacheka mpaka akalia, akanikamata: "Ni ye! Ni ye kabisa!" Ile siku akakula. Na mi nikavua koti mbio, juu baba yangu mi sikumulilia.

Alikufa ku Kilwa, kule ku ziwa, sasa miaka mbili, kule alienda kuuza samaki. Niliambia bote sikufika ku kilio juu barabara ilikatika na mvula. Kweli ilikatika, lakini bengine balifika. Ukweli ni huu: mu ile hadithi ya kwanza nilimuweka baba, nikamufanya mulevi wa kuuza mashini ya muke wake. Baba hakuwa anakunywa pombe. Mashini, mama aliiuza mwenyewe. Baba alisikia ku redio, pamoja na majirani, na hakuniuliza kitu. Nyuma ya mwezi moya akaenda Kilwa, na hatukusumbulia tena, hata neno moya.

Leo Mama Katongo ananipigia simu, "mujukuu yangu" hapa, "mujukuu yangu" pale, anataka siku ya kumaliza kilio nifanye tena kama bwana yake mbele ya jamaa yote. Gérard naye, nilimuelezea, anasema niandike yote mbio mbio, eti ni hadithi ya maisha yangu. Niende? Niandike? Ao niache kuandika kabisa?

Gracia, Makomeno

*

Gracia, nimekusoma mpaka mwisho. Sasa nakukaripia.

Nisikufiche, pale ya koti nilicheka. Kisha nikafika ku Kilwa, nikavua miwani. Pole, mama. Pole sana.

Lakini Gérard amekudanganya, na ulimuamini juu ilikufaa. Eti shida njo inaandika! Bamama ngapi mu hii muji bamekula sombe ya bila mafuta na habakuandika hata barua? Shida ilikufundisha kuangalia, sikatai, na bile ulivyoona njaa ya mama yako, muntu wa kushiba hangeona. Lakini mwenye kukaa na karatasi ya kalenda alikuwa weye. Na angalia vizuri: njaa ya kweli haikukutosha, ukaiongeza baba mulevi juu bantu balie zaidi. Pale njo ulianza kuenda ku kilio ya bengine, si pale Gérard alikurudishia hadithi.

Unasema maneno imekauka juu umeshiba. Hapana! Imekauka juu kila ukikaa ku meza unamuzunguka baba yako, na hauna kitu kingine cha kusema mbele umuseme ye. Siku ya koti ulimuachia apite, na mujane akakula. Ile chai ya kupuliza haikuwa uongo. Uongo ni jina ulijipatia.

Kwa hiyo, kesho asubuhi uende kwa Mama Katongo, si kwa simu, na usipeleke kaye. Ukae chini, umuambie: mi siko mujukuu, nilikuya kuiba machozi, na ule ulimucheka ni baba yangu. Anaweza kukufukuza. Akikufukuza, utoke na heshima, usilie mu mulango yake. Akikuambia ubaki, ubaki, lakini koti bampe mujukuu wa kweli.

Zile hadithi za bilio, Gérard azisimamishe. Ukizitaka, uende mulango kwa mulango kuomba ruhusa. Najua ni mingi. Kuingia uliingia mulango kwa mulango.

Kisha upande gari ya Kilwa. Constantin atabaki na batoto, hatakufa. Barabara ni mubaya, ilikuwa mubaya na kwa bale balifika. Kule utafute bale baliuza samaki naye, ubaulize alikuwa anasemaka nini juu yako. Pengine utasikia kitu ya kukuumiza. Pengine kila siku ya Mungu alikuwa anafungua redio. Mi sijui, na weye haujui, njo maana unapashwa kuenda.

Kuandika usiache, nani alikutuma uache? Lakini ya kwanza utatuma ni ile ile ya zamani, mashini ikiuzwa na mama yako mwenyewe, na baba bila pombe. Isomwe ku redio ile ile, majirani basikie.

Na ukifika ku Kilwa, bamama ba kule batakuuliza kama bale ba Katuba: "Weye uko nani wa marehemu?" Usitafute jibu. Sema: "Mutoto." Kisha ukae chini, ulie.

Mama Victorine