Tairi Vipara za Pikapu ya Kaka

Kulusum, soma kikaratasi hiki ukiwa umekaa. Nimemwita mwanajeshi kipara! Mbele ya uso wake!

Kaka Dawudi kaacha pikapu hapa mlangoni, kaenda msikitini. Wakaja wanajeshi wawili wanasaka tairi, si unajua madukani hakuna. Wakizing'oa, kaka hana kazi tena.

Mkubwa wao akaniuliza, "Wewe dada, hii tairi iko mpya?"

Mpya wapi! Ni zile zile zilizotoka na pikapu kiwandani, mwaka wa tano huu, laini kama sahani. Nikamjibu taratibu, "Hapana, afande. Kipara."

Akavua kofia. Kulusum, kichwa kinang'aa!

"Nani kipara?"

Banange, jamani! "Tairi, afande! Tairi ndiyo kipara! Wewe bado..."

Bado nini?

Mwenzake akacheka mpaka akaegemea bodi ya pikapu. "Afande, tairi ya kiwandani inamaliza miaka mitano. Nywele zako zilimaliza mingapi?"

Nikasema leo nimekwisha. Mkubwa akainama, akaipapasa tairi, kisha akajipapasa utosi.

"Twende zetu," akasema. "Vipara vitano kwa gari moja ni vingi mno."