Barua Hii Isome Peke Yako

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kazini? Na magoti yako, bado yanalalamika kwa kutambaa juu ya vigae vya watu? Sisi huku wazima, isipokuwa miwani yangu, ambayo imefariki. Niliikalia mwenyewe, na uzito wangu unaujua. Mpaka nipate nyingine, sindano ya cherehani siioni, seuze uzi. Kwa hiyo usishangae mwandiko huu, ni wa mkwe wangu, mkeo. Mimi nasema, yeye anaandika, na barua zako atanisomea yeye.

Mzigo wake umefika miezi mitano. Kliniki hajaanza, anasema haumwi kitu. Sikumsukuma, kwa sababu hata mimi zamani nilikwenda siku za mwisho. Anakusalimu, ingawa anaona haya kuandika salamu zake mwenyewe.

Mama yako

6 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi huu haijanifikia, natumaini mko salama. Hii isome peke yako, na ukimaliza uichome. Usimwonyeshe mke wangu.

Januari kampuni ilitupima damu mafundi wote. Mimi nikakutwa na kaswende. Mama, sikuwa naumwa. Mwaka jana, kabla ya kuja likizo ya Oktoba, nilipata kidonda kimoja sehemu za siri. Hakikuuma, kikakauka chenyewe, nikadhani yamekwisha. Muuguzi aliniambia kinachopona ni kidonda, ugonjwa unabaki kwenye damu. Nilitembea na dada mmoja anayetupikia hapa kazini, bila kutumia kinga. Zaidi ya hapo siwezi kumweleza mama yangu.

Mimi nimechomwa sindano. Lakini walinipa karatasi ya kumwita mke wangu naye atibiwe, na karatasi hiyo nimekaa nayo wiki sita mfukoni. Wanasema mjamzito asipotibiwa, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa na ugonjwa. Akitibiwa mapema, mtoto husalimika.

Karatasi naiweka humu. Nakuomba umpeleke zahanati. Mwambie ni sindano za kuongeza damu, na muuguzi umnong'oneze wewe. Nisaidie, mama. Nikimwambia, nitamkosa.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na hali zetu utazisoma.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilinikuta nachambua mchele. Mkwe wangu akaifungua kama kawaida, akaanza kunisomea. Alipofika kwenye "usimwonyeshe mke wangu" akaishusha barua magotini. Nikamwambia, basi mwanangu, iache. Akasema, "Uliniambia nisome mama, acha nisome." Akasoma yote mpaka "mwanao", pamoja na zile sindano zako za kuongeza damu. Kisha akatoka kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado hazijakauka.

Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Damu yake imekutwa na kaswende. Amechomwa sindano ya kwanza, zimebaki mbili, moja kila wiki. Muuguzi anasema tumewahi, ila wiki sita zako hakuzipenda, wala mimi. Na anasema kila mjamzito apimwe mapema, awe anaumwa au haumwi. Hilo ni kosa langu, nimelibeba.

Sasa nikuambie jambo ambalo hujawahi kulisikia. Muuguzi aliniuliza habari za mimba zangu. Nikamtajia wale wawili waliokutangulia, waliozaliwa kimya. Akauliza kama baba yako aliwahi kupata kidonda. Nikakumbuka kidonda, na nikakumbuka sindano alizochomwa mjini akaniambia ni za mgongo. Mimi nilichomwa penisilini baadaye, kwa ajili ya jipu, na baada ya hapo ukaja wewe, mzima. Muuguzi hakuapa, alisema huenda. Miaka yote ile wakwe zangu waliniita mwenye tumbo baya, nami nikaamini. Nimeumia, mwanangu.

Mficha uchi hazai. Mtoto wa watu sitamdanganya kwa ajili yako. Haya yote nimeyasema mbele yake, naye ndiye ameyaandika.

Mama yako

Chini hapa ni maneno yangu mimi. Nimeandika kama mama alivyosema, sikupunguza wala sikuongeza.

Mkeo

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini sindano ya tatu amekwisha kuchomwa. Barua hii aisome yeyote, sina tena cha kuficha.

Yale maneno machache ya mke wangu nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Yule dada anayetupikia nilimpelekea karatasi yake. Alilia, alikuwa hajui kama ana ugonjwa. Nami nilimchukulia kuwa yeye ndiye mbaya, nikasahau kwamba tulikuwa wawili. Wenzangu wa chumbani walinicheka siku mbili, siku ya tatu wanne wakaniomba niwapeleke kupimwa.

Mke wangu namwandikia mwenyewe kuanzia leo. Tafadhali mpe barua zake.

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Huu ni mwandiko wangu, uvumilie. Nimepata miwani mpya, na mkwe wangu ana kazi nyingine mikononi.

Ni msichana. Amezaliwa juzi saa nne asubuhi. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, na ulipofika ule wakati nikaziba masikio, kwa sababu najua kimya cha mle ndani kilivyo. Muuguzi akaja akanitoa mikono masikioni, nikamsikia mtoto analia. Wale wawili wangu hawakulia. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikawalilia, na hakuna aliyeniambia niinuke.

Damu ya mtoto imepimwa, wanasema yuko salama. Atarudishwa kupimwa tena mpaka waridhike.

Barua zako kwa mke wako nilimpa zote. Ziko kwenye droo ya cherehani, saba, hajafungua hata moja. Jana nilimuuliza nikuandikie nini. Mtoto alikuwa ananyonya. Akasema, "Mwambie mimi nimeshasoma vya kutosha. Kama ana neno, aje aniambie kwa mdomo wake."

Hakusema amekusamehe, nami sikumuuliza. Baba yako aliingia kaburini na lake. Njoo wewe useme.

Mama yako, na sasa bibi