Barua Yako Ambayo Baba Hakuisoma

Kambarage,
S.L.P. 1187,
Shinyanga.
16 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Hasnain,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Mehjabin na mtoto. Hiyo baridi ya Leicester mnaivumiliaje? Mtoto ameshaota meno? Mwambie mama yake asimfunike mpaka puani, atamziba pumzi bure. Huku hatujambo, ila miguu yangu inavimba na mvua bado haijanyesha. Vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria.

Arobaini ya Baba imepita salama. Watu walijaa, hata wachimbaji wa Buseresere waliokuwa wakimuuzia dhahabu walikuja lori zima. Kalisti, aliyemshikia Baba mizani miaka yote ile, alilia kutushinda sisi wanawe. Anakusalimu, na anakushukuru kwa Kisukuma chake, wabeja sana, kwa lile koti.

Utashangaa kuona nimeandika kwa kalamu wakati ulituletea kompyuta. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ulipopiga simu ya rambirambi uliniuliza kama Baba aliwahi kuisoma barua yako. Nikasema ndiyo, aliisoma. Nilikudanganya, Hasnain. Hakuisoma, na aliyemzuia ni mimi.

Unakumbuka ulivyotufundisha ulipokuja mwaka jana. Barua za siri za Baba zinaingia kwenye kompyuta zikiwa zimefungwa, na hazisomeki mpaka achomeke kadi yake kwenye kile kidude cha kusomea kadi, kisha abonyeze namba yake ya siri. Baba alikipenda mno, maana hakutaka mtu ajue siku anazosafiri na mali. Ukatuonya kwamba mtu akikosea namba mara tatu kadi inajifunga, na namba ya kuifungulia unayo wewe huko.

Barua yako iliingia mwishoni mwa Septemba, Baba akiwa Buseresere na kadi ameiacha kwenye droo. Ilikuwa ya kwanza tangu mgombane, tangu umwambie hutarudi kununua dhahabu kwa kuwa biashara ile inakula jasho la wachimbaji. Miezi saba mmenuniana kama watoto! Nikaogopa. Ulimi wako naujua, na presha ya Baba nilikuwa naijua. Nikaona niisome kwanza mimi, kama ni mbaya nimwandae.

Kwanza taa ya kile kidude haikuwaka kabisa. Nikamwita Imran fundi. Akachomoa waya nyuma ya kompyuta, akaurudisha na kuukaza, akasugua kile kipande cha kadi kinachong'aa kwa kifutio cha penseli. Taa ikawaka. Nikamsindikiza Imran, nikafunga mlango. Nikajaribu mwaka aliozaliwa marehemu Mama. Ikakataa. Nikajaribu mwaka uliozaliwa wewe, nikiwa na hakika kabisa. Ikakataa. Sijui ni shetani gani alinisukuma, nikajaribu mwaka tuliohamia Shinyanga. Kadi ikajifunga.

Ningekupigia simu siku ile ile ungenipa namba, yangekwisha. Lakini ungeuliza ni nani alikuwa akijaribu, na mimi dada mkubwa ningejibu nini? Nikasema nitapiga kesho. Nikasema hivyo siku tisa.

Siku ya kumi Kalisti akamleta Baba amelazwa nyuma ya gari, upande mmoja hausogei. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama umeandika. Nikasema ndiyo. Akaninong'oneza namba yake ili nikamfungulie. Ilikuwa mwaka niliozaliwa mimi. Nilijaribu ya watu wote, Hasnain, ya kwangu haikunijia hata kichwani.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiitazama ile barua, na hata hapo sikuthubutu kukupigia uniulize nani aliifunga kadi. Kisha nikachukua karatasi tupu, nikarudi kitandani kwake, nikamsomea. Nilitunga yote. Nikasoma, "Baba, nilikosa kusema nawe vile, naomba radhi yako." Akafumba macho. "Mwambie nimempa," akasema. "Nilimpa zamani." Kesho yake adhuhuri akatutoka.

Na wewe ukalia kwenye simu ukinishukuru, nami nikapokea shukrani zako bila haya. Imran anasema anaweza kuifuta kadi ianze upya, ila barua zote zilizofungwa hazitasomeka tena maisha. Nimemkatalia.

Sijui uliandika nini. Kama uliomba radhi, umepewa, nilisikia kwa masikio yangu. Kama uliandika mengine, ni yako wewe na Mungu wako. Ukitaka niisome, nitumie namba ya kuifungulia. Usipotaka, sitauliza tena. Lakini usinyamaze. Nitukane ukipenda, mradi uniandikie.

Bhavna jirani anawasalimu sana, na Imran pia, naye hajui lolote la uongo wangu. Mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake.

Mungu akulinde huko uliko, na radhi ya Baba iwe juu yako na kizazi chako. Yako nilikuombea mimi, tena kwa uongo, naye akaitoa. Nilikuwa nimemshika mkono, Hasnain, na yangu sikuiomba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Rubab